Anayetaka kuingia Hotshot aanze na makaratasi na miguu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na vijana, pamoja na wazazi wao, kuhusu kazi ya kuzima moto wa misitu nchini Marekani, hasa vile vikosi vinavyoitwa Hotshot. Kila moto unapopamba California, Oregon au Idaho, picha zake hufika kwenye simu zetu, na nyuma ya picha huja maswali: wale watu wanaingiaje pale? Mtu wa kwetu aliyehamia huko anaweza kupata? Majibu yanayozunguka mengi ni nusu nusu. Lililoenea kuliko yote ni kwamba ukiweza kutembea na mzigo wa kilo 20 kwa dakika 45, kazi umeipata. Jibu hilo linawapotezea vijana msimu mzima, wengine miwili, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Swali lenyewe si la mbali kama linavyoonekana. Mji wa Boise, Idaho, ambako zimehamia familia nyingi za Kikongo zinazozungumza Kiswahili nyumbani, ndiko kilipo kituo cha taifa cha kuratibu moto wa misitu tangu mwaka 1965. Watoto wa familia hizo wanakua wakiona moshi kila kiangazi na ndege za kumwaga dawa zikipita juu yao. Wana haki ya kupewa maelezo kamili.

Hotshot ni kikosi cha watu 20 hivi kinachoingia kwa miguu mahali ambapo gari la maji halifiki. Vikosi vya kwanza viliundwa kusini mwa California mwishoni mwa miaka ya 1940. Leo viko zaidi ya 100, vingi vikiwa chini ya Shirika la Misitu la Marekani, vingine chini ya idara ya ardhi za umma, hifadhi za taifa na jamii za wenyeji asilia, na vichache chini ya majimbo na wilaya. Kikiitwa, kinatakiwa kiwe njiani ndani ya saa 2, na kinaweza kupelekwa jimbo lolote. Safari moja ya kazi huwa siku 14, bila kuhesabu siku za kwenda na kurudi.

Sasa hesabu ambayo wengi hawaijui. Kanuni za vikosi hivi zinataka asilimia 80 ya watu wake wawe wameshafanya angalau msimu mmoja wa kuzima moto. Katika watu 20, wageni kabisa hawazidi 4. Juu ya hao kuna mkuu wa kikosi, msaidizi wake mmoja au wawili, viongozi wa makundi na wazimaji waandamizi, ambao ni waajiriwa wa kudumu na hawaondoki ovyo. Wale wa msimu waliofanya vizuri mwaka uliopita hurudishwa kwanza. Kinachobaki kwa mtu asiyewahi kushika jembe mbele ya moto kinaweza kuwa nafasi mbili, au moja, au kisiwepo kabisa, na kinagombewa na watu ambao wengi wao wameshafanya kazi ya moto mahali pengine. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: Hotshot isiwe ajira yako ya kwanza ya moto. Iwe ya pili au ya tatu.

Kabla ya jasho, makaratasi. Ajira za serikali ya shirikisho ni za raia wa Marekani. Grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, peke yake haitoshi. Umri unaanzia miaka 18, na kwa ajira za kudumu za zimamoto lazima uwe umeajiriwa kabla ya kutimiza miaka 37, isipokuwa wachache wenye utumishi wa nyuma unaohesabika. Leseni ya udereva ni jambo dogo linaloangusha watu wengi, kwa sababu kikosi kinaishi barabarani na kila anayeweza kuendesha ni msaada. Kiingereza kiwe cha kusikia na kujibu kwenye redio ya upepo huku watu wanapiga kelele na misumeno inanguruma. Kuongea kwenye kiti cha ofisi ni rahisi zaidi kuliko huko.

Maombi hupita kwenye tovuti ya serikali ya USAJOBS, na hayana ada hata senti moja. Anayekudai pesa ili akuunganishe ni tapeli. Anayekuahidi viza ya kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura uende ukaingie Hotshot ni tapeli zaidi, maana mlango huo haupo. Naomba wazazi walishike hili kabla hawajauza ng'ombe au kiwanja.

Mwenye kibali halali cha kazi lakini bado si raia ana njia nyingine. Oregon na majimbo jirani kuna makampuni ya mkataba yanayounda vikosi vya mikono, yaani vya watu 20 wanaotumia zana za mkononi, na kuvikodisha kwa serikali. Huko hawadai uraia, wanadai kibali cha kazi. Mikataba hiyo humtaka kiongozi aweze kuzungumza Kiingereza pamoja na lugha ya watu anaowaongoza, jambo lililowafungulia mlango wahamiaji wengi kutoka Mexico. Sioni kwa nini kundi la vijana wa Kiswahili lisifike hapo likipata kiongozi wake. Mwenye grinikadi kwa kawaida husubiri miaka 5 kabla ya kuomba uraia, na miaka hiyo akiitumia kwenye vikosi vya mkataba atafika kwenye mlango wa Hotshot akiwa na misimu mkononi. Kwa aliye raia tayari, pa kuanzia ni gari la zimamoto la wilaya ya msitu, kikosi cha kupunguza majani na kuni msituni, au zile programu za vijana za uhifadhi zinazofundisha chensoo (msumeno wa injini) na utengenezaji wa njia za milimani.

Mafunzo ya msingi yanajulikana kwa namba zake. S-130 ni ya uzimaji, S-190 ni ya tabia ya moto, L-180 ni ya mwenendo wa binadamu kazini, na kuna kozi za mfumo wa uongozi wa matukio, ICS-100 na IS-700. Sehemu kubwa husomwa kwenye intaneti, kisha inakuja siku ya vitendo shambani. Ukikamilisha na ukapita jaribio la mwili, unapewa kadi ya sifa inayoonyesha cheo chako kwenye moto. Aliyekwisha kuzisoma kabla ya kuomba anamwondolea mwajiri kazi, na hilo huonekana.

Nikija kwenye mwili, ndipo pana upotoshaji mwingi. Jaribio la kilo 20 ni kutembea kilomita 4.8 kwenye ardhi tambarare ukiwa na mzigo wa ratili 45, yaani kilo 20 na kidogo, ndani ya dakika 45. Ni mwendo wa kilomita 6.4 kwa saa. Kukimbia hakuruhusiwi, hata hatua chache, na anayekimbia huondolewa. Jaribio hilo hupimwa kwa kila mtu anayekwenda mstari wa mbele wa moto, wa Hotshot na asiye wa Hotshot. Ni sakafu. Hata hivyo lisichezewe, kwa kuwa wapo waliokufa wakilifanya, na ndiyo maana hutanguliwa na maswali ya afya ambayo lazima yajibiwe kwa ukweli.

Viwango ambavyo vikosi vya Hotshot vimejiwekea viko juu ya hapo: kukimbia kilomita 2.4 kwa dakika 10 na sekunde 35 au chini, sit-apu 40 ndani ya dakika moja, pushapu 25 ndani ya dakika moja, na kujivuta kwenye chuma kwa idadi inayotegemea uzito. Mwenye zaidi ya kilo 77 hujivuta mara 4, wa kilo 61 hadi 77 mara 5, wa kilo 50 hadi 61 mara 6, na aliye chini ya kilo 50 mara 7. Viwango ni hivyohivyo kwa wanawake na wanaume, kwa hiyo mabinti wasidhani kuna mlango mdogo wala mlango uliofungwa. Kujivuta ndiko kunakowachelewesha wengi, na kunajengwa taratibu. Anayeweza mara moja leo ahesabu miezi mitatu hadi minne kufikia mara tano.

Lakini hata viwango hivyo havipimi kitu ambacho kikosi hukipima siku ya kwanza: kupanda mlima kwa mstari mmoja, begi mgongoni, zana mkononi, bila kuacha pengo. Begi la moto huwa na lita 6 hivi za maji, chakula, hema la foili la kujiokolea, betri, kamba na nguo, na linakaribia kilo 20. Mbeba chensoo huongeza mashine, mafuta na vyuma vyake juu ya huo mzigo. Mtu wa mbele akishika mwendo, pengo la mita tano katikati ya mstari humlazimisha wa nyuma kukimbia, na wa nyuma yake kukimbia zaidi. Anayefungua pengo kila siku anawachosha wenzake kabla kazi haijaanza. Hapo ndipo wageni wengi huanguka, na si kwenye pushapu.

Maandalizi yanataka miezi minne hadi sita kabla ya msimu, ambao kwa vikosi vingi mazoezi yake huanza Aprili au Mei. Wiki iwe na siku mbili za kukimbia, moja ndefu ya taratibu ya kilomita 8 hadi 10 na nyingine fupi ya kasi, tuseme mita 400 mara sita au nane. Iwe na siku mbili za kupanda na mzigo na siku mbili za nguvu, na siku moja iachwe kabisa. Mzigo uanzie kilo 10 na uongezwe kilo 2 kwa wiki hadi 20. Usiruke. Mzigo bora ni maji kwenye madumu: ukifika kileleni unayamwaga na kushuka bila mzigo, maana magoti huumia wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda. Kukimbia na begi zito kwenye lami ni njia ya haraka ya kuvunja mfupa wa muundi na kukosa msimu wote. Anayeishi mahali pasipo milima atumie ngazi za uwanja wa michezo au za jengo refu.

Buti ni sura ya peke yake. Kanuni zinataka buti la ngozi la kamba, lenye urefu wa inchi 8 angalau, soli yenye meno isiyoyeyuka kwa joto. Buti nzuri hugharimu dola mia kadhaa, na kijana anayeanza ajue pesa hizo zinaweza kutoka mfukoni mwake kwanza hata kama mwajiri ana utaratibu wa kurudisha sehemu yake. Kosa kubwa ni kulifungua boksi wiki ya kuripoti. Ngozi mpya ni ngumu kisiginoni na kwenye mkunjo wa vidole, na siku ya pili tu malengelenge yanapasuka. Buti linunuliwe miezi miwili kabla, livaliwe saa moja au mbili kwa siku nyumbani, kisha kwenye matembezi mafupi, kisha mlimani na mzigo. Soksi ziwe za sufu. Sehemu ya ngozi ikianza kuwaka moto, simama ubandike plasta hapohapo kabla lengelenge halijajaa maji. Dakika mbili hizo hakuna kiongozi mwenye akili atakayekunyima, lakini lengelenge la siku tatu litakurudisha kambini. Nguo za ndani ziwe za pamba au sufu, kwa sababu zile za nailoni huyeyuka na kugandia kwenye ngozi.

Kuna hatari moja ambayo nataka niitaje kwa uzito kwa sababu huwapata hasa wale wenye bidii. Wiki mbili za kwanza za kikosi, saa 80 za mazoezi makali, mtu aliyekuja bila kujiandaa hujisukuma kupita kiasi ili asionekane dhaifu. Misuli huanza kuvunjika na kumwaga protini kwenye damu, na protini hiyo huharibu figo. Madaktari huita rabdomiolisisi. Dalili zake ni maumivu ya misuli yasiyolingana na kazi uliyofanya, miguu au mikono kukosa nguvu, na mkojo kuwa kama chai ya rangi. Ukiona mkojo huo usimalize siku. Sema, upelekwe hospitali, upimwe damu kipimo cha CK siku hiyohiyo. Aliyewahi kupata ugonjwa wa joto huko nyuma, anayetumia dawa za kuongeza nguvu au aliyetoka kuugua homa yuko hatarini zaidi. Maji yanywewe karibu lita moja kwa saa wakati wa kazi nzito, pamoja na chumvichumvi na chakula, kwa kuwa maji matupu mengi kupita kiasi nayo hushusha chumvi ya damu. Siku nzito ya moto inaweza kuchoma kalori 4,000 hadi 6,000. Anayekula kwa haya atapungua nguvu kufika siku ya tisa.

Kazi yenyewe wengi huidhania ni kupambana na ndimi za moto kwa mpira wa maji. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ni kuchimba. Moto huzuiwa kwa kuuondolea chakula: unakata na kukwangua ukanda hadi ufike udongo mtupu, na moto ukifika hapo haupati cha kula. Wanatangulia wa chensoo, kila mmoja na msaidizi anayevuta matawi na kuyatupa. Wanafuata wenye Pulaski, zana yenye shoka upande mmoja na jembe jembamba upande wa pili, iliyobeba jina la Ed Pulaski, mlinzi wa misitu aliyewaokoa wengi wa watu wake ndani ya shimo la mgodi kwenye moto mkubwa wa Idaho mwaka 1910. Nyuma yao wanakuja wenye majembe mapana ya kukwangua, na mwisho reki nzito ya McLeod inasafisha. Baina ya mtu na mtu ni mita 3 hivi. Hakuna anayemaliza kipande chake peke yake: kila mmoja anapiga mara moja au mbili, anasogea hatua, na wa nyuma yake anakamilisha.

Mgeni hukosea palepale. Anasimama mahali pamoja na kuchimba shimo zuri, huku mstari wote umeziba nyuma yake. Au anaacha mzizi uliovuka ukanda, naye moto hutambaa ndani ya mzizi huo chini ya udongo na kuibuka ng'ambo usiku. Au anatupa takataka zenye majivu upande wa msitu mbichi, wakati zilizoungua hutupwa upande ulioungua na mbichi hutupwa nje. Kwenye mteremko, ukanda ukipita chini ya moto lazima uchimbwe mfereji wenye ukingo, la sivyo koni la msonobari au gogo linalowaka litabingirika na kuanzisha moto mwingine chini yenu. Ukanda ukishafungwa ndipo hufuata kazi ndefu ya kuzima masalia. Unavua glovu, unasogeza mgongo wa mkono karibu na jivu kwanza, kwa sababu hapo ngozi husikia joto upesi na hata ukiungua kiganja cha kushikia zana kinabaki salama. Ukihisi joto unafukua, unachanganya na udongo, unarudia hadi pawe pamepoa kabisa. Siku nne za kupapasa majivu namna hiyo zinaonyesha tabia ya mtu kuliko usaili wowote, na wakuu wa vikosi wanalijua hilo.

Nitoke kidogo nje ya Marekani. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro ulipowaka, walipanda mamia ya watu, wakiwemo wafanyakazi wa hifadhi, wanafunzi na wanavijiji, na walijitolea kwa moyo ambao sitaacha kuusifu. Jambo la kujifunza kwenye Hotshot hapa halihitaji ndege wala bajeti ya Marekani: ni kuwa na kikosi cha kudumu cha watu 20 ambacho wazoefu wake ni wengi kuliko wageni, chenye saa 40 za mazoezi ya pamoja kila mwaka kabla ya kiangazi, kinachojua nani anashika zana gani. Afrika Kusini wameanza tangu 2003 na mpango wa Working on Fire, ambao huchukua vijana wasio na ajira na kuwafanya wazimaji, na mwaka 2016 kundi lao lilipelekwa hadi Alberta, Canada. TANAPA (hifadhi za taifa za Tanzania), TFS (wakala wa misitu Tanzania) na wenzao wa Kenya wanaweza kulifikia hilo.

Narudi kwa kijana wetu. Kuna Amri 10 za kuzima moto na Hali 18 za kujihadhari, na anatakiwa azijue kwa kichwa kabla hajaripoti, kwa maana ataulizwa akiwa anahema katikati ya mlima. Amri ya kwanza ni kujua hali ya hewa na utabiri wake. Ya kumi ni kupambana na moto kwa nguvu baada ya usalama kuwekwa kwanza. Katikati kuna njia za kutorokea na maeneo salama, ambavyo kila mtu lazima avijue. Paul Gleason, aliyewahi kuongoza kikosi cha Zigzag, alizifupisha ziwe mambo manne: mlinzi wa kutazama moto, mawasiliano, njia ya kutoroka, mahali salama. Likikosekana moja, kazi haianzi.

Amri hizo zimeandikwa kwa damu, na vikosi bora havikusalimika. Mwaka 1966 kikosi cha El Cariso kilipoteza watu 12 kwenye moto wa Loop, California. Tarehe 6 Julai 1994 huko South Canyon, Colorado, walikufa 14, na 9 kati yao walikuwa wa kikosi cha Prineville. Upepo wa baridi kavu ulipoingia, moto ulipanda mlima kwa kasi kuliko mtu anavyokimbia. Tarehe 30 Juni 2013 huko Yarnell, Arizona, watu 19 wa kikosi cha Granite Mountain waliteketea baada ya upepo wa mvua ya radi kuugeuza moto, na katika kikosi chao siku ile alisalimika mmoja tu, aliyekuwa kwenye zamu ya kutazama. Mzazi anayemruhusu mwanawe ana haki ya kuyajua haya. Na kijana ajue kuwa kitabu cha mfukoni cha kazi hii kina utaratibu wa kukataa agizo la hatari: unaeleza kwa nini halifai, na unapendekeza njia nyingine. Anayeutumia kwa sababu za kweli haonwi mwoga.

Kuhusu malipo nitakuwa mfupi. Mwaka 2025 Bunge la Marekani lilipitisha viwango vipya vya kudumu vya mishahara ya wazimaji wa shirikisho, kuna nyongeza ya asilimia 25 ya hatari ukiwa kwenye moto usiodhibitiwa, na kipato kikubwa hutokana na saa za ziada. Gharama yake ni kutokuwepo nyumbani miezi mitano hadi sita, pamoja na moshi. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Anayeingia aingie akijua.

Mwisho ni namna ya kuomba. Matangazo mengi hutoka kuanzia Septemba hadi katikati ya majira ya baridi, kwa hiyo anayeanza kuulizia Mei amechelewa mwaka mzima. Kwenye maelezo ya kazi zako za nyuma andika mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, na simu ya bosi wako, kwani mfumo humhukumu mtu kwa kilichoandikwa. Kisha piga simu. Hili watu wetu hulionea haya, lakini kwenye Hotshot ni desturi: mwombaji humpigia mkuu wa kikosi mwenyewe, kati ya Oktoba na Januari wakati hawako motoni. Jitambulishe, sema umefanya msimu wapi na kazi gani, una kozi zipi, unakimbia kilomita 2.4 kwa dakika ngapi, kisha uliza kama unaweza kutembelea kituo. Dakika tano zinatosha. Usiongeze chumvi, kwa sababu dunia ya Hotshot ni ndogo na bosi wako wa zamani atapigiwa kabla ya wewe kupigiwa. Omba vikosi vingi, hata vya majimbo usiyoyapenda.

Ukikosa, muulize mkuu yuleyule ulipungukiwa nini, halafu chukua kazi ya gari la zimamoto au kikosi cha mikono kilicho jirani naye. Katikati ya msimu watu huumia, huugua au huitwa nyumbani, na kikosi cha Hotshot kinapopungukiwa huazima mtu wa wilaya kwa safari ya siku 14. Mwambie bosi wako mapema kwamba unaitaka nafasi hiyo ikitokea, na begi lako liwe limefungwa, buti zimelainika, maji yamejazwa.

Msomaji wako,
Boise, Idaho